Mukono ulikatika ku kazi, sasa banataka nisinye demisio. Nifanye nini?

Suderi wa Katuba

Jambo bote. Niko Lubumbashi, Katuba. Nilikuwa suderi (mwenye kuunganisha vyuma kwa moto) mu sosiete moya ya sutretansi yenye inatumikia mine ku barabara ya Likasi, jina naacha. Mwezi wa pili tulikuwa tunabadirisha rulo za konvoyeri, muntu akawasha masini bila kuuliza kama kuko mwenzake ndani, ikanikamata mukono wa kuume. Ku hospitali bakakata juu kiloko ya kiganja. Sosiete ililipa hospitali, ile siwezi kukatala, na miezi 3 ya kwanza balinitumia nusu ya mushahara (nilikuwa napata dola 420). Kisha kimya. Miezi 4 hakuna kitu, ukipiga simu banakuambia shefu eko mu mukutano.

Sasa wiki iliyopita RH (mukubwa wa mambo ya batumishi) mwenyewe ananiita. Bilauri ya maji baridi, pole sana kaka, mi nikajua tu kuko kitu. Akatosha anvelopi, mule dola 1500, na karatasi moya. Nikasoma. Inasema mi naacha kazi kwa mapenzi yangu mwenyewe "juu ya sababu za jamaa". Jamaa gani? Jamaa yangu njo banakula paka kwa ile kazi! Nikamuambia siwezi kusinya juu mukono wenye nilikuwa nasinyia hauko tena. Hakucheka. Akasema hakuna shida, utatia kidole cha kushoto. Alinipa mupaka siku ya tano, ile Ijumaa.

Bibi anasema nikamate, minervale (makuta ya masomo) ya batoto 3 inatungojea na mwenye nyumba ameanza kusalimia kwa sauti ya chini. Tena yeye aliona video ku simu, banasema mulemavu anapewa karti, hakatwi kodi, na kila sosiete lazima iweke balemavu 5 ku 100, ati na serikali inalipaka kila mwezi. Ni kweli? Hiyo karti banaipatia wapi hapa mu muji? Na kazi gani suderi wa mukono moya anaweza kufanya. Nisaidieni, siku ya tano haiko mbali.

Muzee wa Reli

Mwanangu, pole. Mbele ya yote ile karatasi usiiguse, ata kwa kidole cha muguu. Nilikuwaka delege wa sendika miaka 14, nimeona bantu bazima banapotea juu ya sinyature moya.

Demisio maana yake weye njo umeacha. Kodi ya kazi (kitabu cha sheria za kazi, siyo kodi ya kulipa), ile loi ya mwezi wa 10 mwaka 2002 yenye baligusaka kiloko mu 2016, inasema patroni hawezi kukutosha bila sababu ya kweli. Akikutosha bure, unarudishwa, ao tribinali ya kazi inakupa malipo yenye inaweza kufika 36 ya mushahara ya mwezi, ya mwisho ulikuwa unapata. Nasema inaweza kufika, siyo kila muntu anabebaka 36, usiende kujenga nyumba mu kichwa. Lakini ukisha kusinya demisio, ule mulango umeufunga weye na mukono wako (samahani).

Sasa sikia mayele ya huyo RH. Kuko kifungu chenye kinasema mutumishi akigonjwa ao akipata accident, kisha miezi 6 bila kukatika hawezi kutumika, patroni anaweza kuvunja kontra. Yeye amehesabu: mwezi wa tatu, wa ine, wa tano... saba. Angekutumia tu barua, imekwisha. Juu ya nini hakutuma? Juu kile kifungu kinatosha accident ya kazi na ugonjwa wa kazi, haviingie mule. Anajua hana njia, njo maana anataka weye mwenyewe utoke kwa muguu wako na umuambie aksanti.

Ya pili, CNSS, ile caisse ya serikali ya pansio na accident za kazi, sisi bazee tunaiita paka INSS. Kila mwezi mutumishi anakatwa 5% ya pansio, patroni anatia 13% juu yake, na mule mu 13 kuko 1,5 ya hatari za kazi. Ile 1,5 ni ya patroni peke yake. Kwa hiyo muntu asikudanganye eti "weye haukukatwaka kwa accident": hakuna mutumishi anakatwaka kwa accident. Lomba kopi ya declarasio ya accident. Kama habakuifanya, weye ao ndugu yako munaweza kuipeleka. Kisha dokta njo anapima asilimia ya kilema: kama ni kiloko banakulipa mara moya inaisha, kama ni kubwa inakuwa rante, inakuya na inakuya. Mukono wa kuume kwa suderi siyo kintu kiloko. Na rante haifi juu ya demisio, tusiseme uongo, lakini ukiisha kutoka mule nani atakupa makaratasi?

Kesho asubui uende ku enspeksio ya kazi. Haulipi. Tribinali haitakupokea kama haujapita kule kwa konsiliasio (kupatanishwa).

Rasta Ruashi

Muzee anasema muzuri lakini muzee anakula pansio. Huyu kaka eko na mwenye nyumba ku mulango. Mi nasema kamata 1500, fungua kiduka ya mikate na kredi za simu, maisha inaendelea. Muyomba wangu alifwataka dosie yake miaka 2, kila siku "kuya kesho", transpori tu ilimumalizia makuta, mwisho alichoka akaacha. Loi ziko muzuri sana ku karatasi. Batoto bakulaka karatasi?

Da Nono, Kenya

Rasta sikatai mambo ya muyomba wako, ile inafikaka na inaumiza. Lakini mi niko komptable, acha tupige hesabu kiloko mbele ya kusema "kamata".

Wakati kontra imesimama juu ya accident, mutumishi eko na haki ya mbili ya tatu ya mushahara. Iwe inatoka kwa patroni, iwe ni caisse inailipa, ni ile ile mbili ya tatu. 420, mbili ya tatu ni 280. Miezi 4 ya kimya: 1120. Miezi 3 balimupa nusu, 210 fasi ya 280, kila mwezi 70 ilipotea, mara 3 ni 210 ingine. 1120 na 210 ni 1330. Kwa 1500 toa 1330, inabakia 170.

Kwa hiyo mukono wa huyu kaka banaununua dola 170. Makuta ingine yote ni yake mwenyewe banamurudishia mu anvelopi, na yeye aseme aksanti. Kama njaa iko, alombe ile 1330 kwa barua, kama deni, bila demisio. Na afanye mbio, madai ya mushahara inazeeka kisha mwaka 1, ingine za kontra ni miaka 3.

Sasa ile video. Kaka, ile Kenya ya ku video siyo Kenya yetu ya soko, komini ya hapa Lubumbashi 😂 Mi naishi Kenya miaka 31 sijapewa karti ya kutolipa kodi. Ile ni Nairobi. Kule katiba yao ya 2010 inataja 5% kwa balemavu mu nafasi za serikali, na ya kusamehewa kodi beko nayo na taratibu zake. Tanzania nayo iko na yake, loi ya 2010, patroni wa batumishi 20 na kuendelea balemavu bakuwe 3%. Shida yetu ni moya, tukitafuta kitu kwa Kiswahili ku intaneti tunaanguka paka ku mambo ya Nairobi na Dar es Salaam, juu zetu ziliandikwa Kifaransa, basi muntu anashika loi ya jirani anaenda nayo ku guichet ya Lubumbashi, banamutazama.

Zetu ni hizi: katiba ya 2006, kifungu 49, inasema mwenye kilema eko na haki ya kulindwa kufwatana na mahitaji yake, tena serikali iweke balemavu mu biro zake. Mu 2015 inchi iliingia mu mapatano ya ONU (Umoja wa Mataifa) juu ya haki za balemavu, kule kifungu 27 njo ya kazi. Kisha, baada ya kungoja myaka na myaka, ikatoka loi organiki nambari 22/003, tarehe 3/5/2022. Inakataza kubagua muntu juu ya kilema, ku kazi pia. Mama Irène Esambo alikuwa waziri delege wa mambo yetu ile wakati, na yeye mwenyewe eko na kilema, tulimuona ku televizyo tukasema angalau kuko muntu kule juu anajua ngazi ni kitu gani.

Lakini ya "serikali inalipa kila mwezi", sijaona muntu mu huu muji analipwaka juu tu ya kuwa mulemavu. Mi polyo ilinikamata nikiwa na miaka 3, sijagusa ata franka moya ya namna ile. Njo maana usichanganye milango miwili. Weye uliumia ku kazi, kuko makuta yenye ililipwa (ao ilipashwa kulipwa) kwa jina lako, ile ni deni, ni asurasi, siyo huruma. Mi mwenye kuzaliwa mu nyumba ya kimaskini, kisha polyo ikanikamata, caisse hainijui kwa ile, mulango wangu ni wa kutobaguliwa tu. Na ule mulango uko na ngazi.

Ngazi ya kweli, minaeleza. Niliitwaka entreviu mu biro moya ya katikati ya muji, etaji ya tatu, asanseri imekufa. Sentineli ananiona na tricikli akasema balombaji bapite nyuma. Nikamuonesha barua. Nilipanda kwa mikono, nguo yangu nyeupe ya ku entreviu ikafika juu rangi ya sima. Mule ndani habakuniuliza ata swali moya ya komptabilite, nusu saa nzima "utakuwa unapandaje kila siku?" Nikachoka, nikauliza na miye: mafranga yenu nayo inapandaka ngazi? Bakacheka, habakuniita tena. Mwaka wenye ulifwata niliingia mu depo moya ya dawa, biro iko chini, nilibeba kaye yenye nilikuwa nimefunga hesabu za mwezi muzima za kanisa yetu, patroni akasoma kurasa 4 akasema anza siku ya kwanza. Tricikli hakuiona ata.

Rasta Ruashi

170??? Aa bon. Ile hesabu sikuifanya. Narudisha maneno yangu nusu. Nusu ingine nabakia nayo, juu transpori ya kwenda enspeksio siyo bure.

Mwalimu wa Ibanda

Jambo toka Bukavu. Mimi nilipoteza mkono wa kushoto, ajali ya gari, si ya kazi, kwa hiyo ya caisse bazee wa Lubumbashi bameshaieleza kunipita. Niongeze mambo yenye hakuna mutu anakuambiyaka ku hospitali.

Ule mkono wenye haupo utaendelea kukuuma. Vidole vinawasha, usiku hasa. Si wazimu, si mizimu, usikubali mutu akupeleke kwa bachawi, umuambie daktari waziwazi. Ya pili, jifunze sinyature mpya SASA, mbele pesa yoyote haijaingia. Andika kila siku ukurasa mzima kwa kushoto mpaka itoke ile ile kila mara, kisha uende ku banki uibadilishe kwa barua ukiwa na karti yako na karatasi ya hospitali. Mimi sinyature yangu ilibakia lakini rafiki yangu mwenye alipoteza mkono wa kuume ilimtesa, pesa ilikuwepo, mwenyewe yupo, jina ni lake, na bado guichet inakataa.

Kuhusu kazi. Sisi hapa tuko na Heri Kwetu, wanashugulikia walemavu tangu zamani, na Goma kuko Shirika la Umoja, ndiko watu wengi wa huku wanapatia proteze (mkono ao mguu wa bandia). Kwa Lubumbashi uliza pale hospitali kwenye kinezi (wanaozoeza viungo), watakuelekeza. Lakini proteze ya mkono usiitegemee kwa kazi ya suderi, ni ya kushikilia tu, kubana karatasi, kubeba sashe. Suderi mwenye kujua kazi hana lazima ya kushika baguette (kile kijiti cha kuunganishia) mwenyewe. Nani anapima kama sudure imeshika? Nani anafundisha batoto? Nani anatoa bei ya mlango wa chuma na kuhesabu metre za tube? Jirani yangu hapa, mkono mmoja, ana atelie na vijana 4, yeye ndiye anapima, anachora kwa chaki chini, anapatana na mteja, na anapiga kelele. Hiyo ya kelele ndiyo kazi kubwa zaidi. Pita pia INPP, ile shule ya serikali ya kufundisha kazi, uulize mafunzo ya kontrole ao ya kuchora mipango, Lubumbashi wapo. Ukiwa na cheti, hata ile sosiete yako inaweza kukurudisha kwenye nafasi ingine, na hilo ulitaje mbele ya enspekta: kwamba wewe unataka kazi, si kwamba unataka pesa tu. Inabadilisha namna wanakutazama.

Da Nono, Kenya

Ile ya mwisho ya Mwalimu iandike mu barua. "Niko tayari kurudi ku kazi ingine yenye naweza." Chini, pale pa kusinya, uandike tarehe, ubakie na kopi, na ile kopi yako batie kashe (muhuri) kwamba bameipokea. Bakikatala kashe, andika jina la mwenye amekatala na saa.

Suderi wa Katuba

Aksanti sana bote, Mungu abarikie. Narudi na habari, samahani nilikawia, kuandika na kidole moya ya kushoto inabeba saa.

Siku ya ine nilienda CNSS. Nilifikiri nitakuta siko mule, nashukuru niko, nambari iko, miaka 5. Lakini banafungua, mushahara yenye sosiete inatangazaka juu yangu ni dola 150. Miye nalipwaka 420! Bwana wa guichet akaniuliza mara mbili kama ni miye kweli. Na declarasio ya accident haiko. Akanipa formu, akanieleza fasi ya kujaza, muntu muzuri. Enspeksio pia nilifika, Rasta, kwa muguu toka Katuba, kwa hiyo transpori ilikuwa ni kiatu tu. Enspekta alisoma ile karatasi ya demisio (nililomba kopi, RH alinipa akizani naenda kuionesha bibi). Akaisoma mara ya pili, akatosha miwani. Ameita sosiete kwa konsiliasio tarehe 14.

Siku ya tano sikuenda. RH alipiga simu mara 6. Ya saba bibi njo alikamata, akamuambia hesabu ya 170 vile Da Nono aliandika, yote, pole pole, kama anasoma mu kanisa. Akakata.

Sasa swali: ile 150 itanipotezea rante? Juu kama banahesabu kwa mushahara, 150 na 420 siyo kintu kimoya.

Muzee wa Reli

Itakuumiza kama utanyamaza. Rante inafwata mushahara, kwa hiyo lazima ioneshe ya kweli mbele haijahesabiwa. Fishi za mushahara uko nazo? Zitoshe zote, hata zenye maji imegusa. Na mesaji za simu zenye balikutumia makuta, usizifute, peleka simu kwa muntu akutolee ku karatasi. Enspekta aone 420 kwa macho yake. Kutangaza uongo ku caisse ni kosa ya patroni, siyo yako, na tarehe 14 hilo njo litamutosha jasho kuliko mukono. Uende na shahidi moya wa timu yenu kama kuko mwenye haogopi.

Suderi wa Katuba

Mwenye haogopi kuko moya, aliachaka kazi mwezi jana.

Fishi nimepata 9. Ingine bibi alikuwa ameifungia chumvi. Ya mwezi wa 12, yenye iko na prime, mutoto wa pili alifunikia kaye yake ya hesabu, na kole. Nimeitosha na wembe pole pole, saa nzima, kaye nilikandamiza kwa ile nusu ya mukono. Imetoka, 420 inasomeka. Mutoto analia, anasema kaye yake iko uchi.